Kodi ya meza kwa familia inayoishi kwa kipato cha siku

Masomo mengi ya bajeti huanza na mshahara: uandike juu ya karatasi, toa pango, toa chakula, toa nauli, kinachobaki kiwe akiba. Kwa mwalimu au muuguzi somo hilo linafaa. Ila wengi ninaokaa nao kwenye vikundi vya kuweka na kukopa huku Temeke, Dar es Salaam, hawana mshahara wa kuuandika. Baba anaendesha bodaboda ya mtu, na jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, ndipo ajue chake ni kipi. Mama anauza vitumbua, na mvua ya masika ikipiga saa kumi na moja alfajiri, biashara ya siku hiyo imekufa. Familia kama hiyo haina mwezi. Ina siku na ina misimu, na bajeti yake lazima ijengwe humo.

Mimi ni mwezeshaji wa vikundi. Watu hudhani kazi yangu ni kufundisha hisa na riba, lakini muda mwingi unakwenda kwenye daftari la jikoni. Naumia kusikia familia zinazojinyima kila kitu zikilaumiwa kwamba hazijui kubana matumizi. Wanabana. Wanabana mpaka mtoto anakwenda shule bila chai. Kinachowamaliza ni pesa inayoingia kidogo kidogo na kudaiwa kwa mkupuo, pamoja na vipimo vidogo vya dukani, ambavyo ndivyo vyenye bei kubwa kuliko vyote.

Kwa hiyo tunaanza na siku mbaya. Kila jioni andikeni kilichobaki mkononi baada ya kutoa mafuta ya pikipiki, hesabu ya tajiri, na mchele na mafuta ya vitumbua vya kesho. Zikifika siku thelathini, zipangeni namba hizo kuanzia ndogo kwenda kubwa, kisha hesabuni kumi kutoka chini. Namba ya kumi ndiyo kodi yenu ya meza, yaani pesa ya matumizi ya nyumbani kwa siku. Maana yake katika kila siku tatu, takriban mbili mtaipata au kuipita. Wengi huchukua wastani, na wastani unadanganya: siku moja baba amepata abiria wa kumpeleka Kigamboni na kumrudisha, wiki nzima inaonekana nzuri wakati siku nne zake zilikuwa kavu. Mkila kwa kiwango cha wastani, siku kavu zinageuka deni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Na daftari la Agosti halitawafaa Aprili. Masika yana namba yake, na mama ntilie wa mchana anajua Ramadhani nayo ina yake.

Kinachozidi kodi ya meza kwenye siku nzuri kina kazi tayari. Kaeni mwandike madeni yote yenye tarehe inayojulikana. Pango la chumba, shilingi 100,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: hizo ni 600,000, yaani kama 3,300 kwa siku. Januari kuna sare, viatu, madaftari na begi. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na kidato cha tano na sita ikafuata mwaka 2022, lakini mtoto haingii darasani kwa kuondolewa ada peke yake. Ikiwa watoto wawili watahitaji 180,000, mkianza Julai ni 1,000 kwa siku. Namba hizi zikiwekwa mezani, mara nyingi kimya kinatanda, kwa sababu wazazi wanaona kwamba Januari haikuwahi kuwa ya ghafla.

Sasa tuingie dukani, maana huko ndiko kwenye pesa inayoweza kuokolewa bila mtu kulala njaa.

Chukua mafuta ya kupikia. Nendeni na chupa ya mtoto yenye alama za mililita, mnunue kipimo chenu cha kawaida, mkimimine humo. Tuseme kipimo cha shilingi 1,000 kimetoa mililita 150, na nyumba yenu inatumia kimoja kila siku. Kwa mwezi mmelipa 30,000 na kupata lita nne na nusu. Kama dumu la lita tano linauzwa 27,000, basi mmelipa zaidi na kupata pungufu. Bei za mtaani kwenu zitakuwa nyingine, ila njia ya kuzipima ni hiyo hiyo, na nawasihi mpime wenyewe badala ya kuniamini mimi. Mangi hawaibii. Anapasua dumu, anamwaga kidogo, anakopesha, anafungua mpaka usiku. Huduma hiyo ina gharama yake na ninyi ndio mnailipa.

Tatizo ni kwamba hakuna mwenye 27,000 mkononi kwa mara moja. Hapo ndipo ninapowaambia wanakikundi wajenge kitu ninachokiita mtaji wa jikoni. Chagueni bidhaa moja tu, ile ambayo tofauti ya bei ni kubwa na ambayo haiozi. Kwenye siku nzuri wekeni pembeni mpaka bei ya dumu itimie. Mkishanunua, kila siku endeleeni kutoa ile 1,000 ya mafuta kama vile bado mnakwenda kwa Mangi, lakini iingie kwenye kibubu. Mwezi ukiisha kibubu kina 30,000: dumu jipya linanunuliwa, 3,000 zinabaki, na mafuta kidogo bado yapo. Hizo 3,000 zinaanza kujenga bidhaa ya pili. Ni mwendo wa taratibu, nakiri, na mwezi wa kwanza ndio mgumu kwa sababu mnaweka pesa ya dumu huku bado mnanunua ya kupima. Ukipita huo, jiko linajilisha lenyewe.

Kuna jambo ambalo walimu wengi wa ubanaji matumizi hawalisemi. Kipimo cha shilingi 1,000 kinalinda. Mafuta yakiwa mililita 150 mpishi anajua mwisho wake. Yakiwa lita tano, mkono unalegea, na jirani anayeomba kidogo anaona kabisa kwamba yapo. Nimeona dumu la mwezi likiisha katika wiki mbili na nusu, na familia ikarudi kwa Mangi ikiamini kwamba kununua kwa jumla ni hasara. Dawa ni kuendelea kupima nyumbani. Kila asubuhi mimina mililita 150 kwenye chupa ndogo ya jikoni, dumu lifungwe na kurudi chini ya kitanda. Anayepika atumie cha kwenye chupa tu.

Si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa jumla. Sabuni ya unga ya vipakiti, pampasi za kununua moja moja, mkaa wa kopo ukilinganisha na gunia: hapo tofauti huwa kubwa na inalipa. Sukari, tofauti mara nyingi ni ndogo, isubiri. Gesi, gawanya bei kwa kilo kabla ya kukimbilia mtungi wa kilo 15. Katika maduka mengi kilo moja ndani ya mtungi wa kilo 6 haipishani sana na ya mtungi mkubwa, kwa hiyo msikope kwa ajili ya hilo. Nyanya kwa tenga ni hasara isipokuwa mnagawana nyumba kadhaa siku hiyo hiyo. Maji nayo yapigiwe hesabu: uniti moja ya bombani ni lita 1,000, sawa na madumu hamsini ya lita ishirini. Zidisha bei ya dumu la muuza maji kwa hamsini, linganisha na bei ya uniti kwa jirani mwenye mita, kisha zungumza naye.

Kwenye umeme kuna pesa nyingi inayopotea bila mtu kuiona, hasa kwa wapangaji. Mteja wa majumbani aliye katika kundi la D1, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Aliye katika kundi la T1, la wanaozidi hapo, analipa 292. Ongeza kodi ya VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inakuwa 122 kwa wa kwanza na 356 kwa wa pili. Shilingi 10,000 moja kwa moja kwenye umeme inampa wa kwanza uniti 82 hivi na wa pili 28. Sasa fikiria nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Pengine kila familia ingetumia uniti 30 au 40 na kustahili bei ya chini, lakini kwa kuwa mita ni moja, wote wanahesabiwa kama mteja mmoja mkubwa na wanalipa karibu mara tatu. Ugomvi wa uani kuhusu nani ana friji na nani anapiga pasi kila siku unachukua nafasi ya swali lenyewe, ambalo ni mita. Ikiwa mwenye nyumba anakubali, ulizieni ofisi ya wilaya ya shirika la umeme, TANESCO, gharama ya kutenganisha, mgawane, mlinganishe na mnachopoteza kwa mwaka. Kodi ya jengo nayo, tangu mwaka 2021, inakatwa kupitia LUKU na ni ya mwenye nyumba. Kiasi hicho mwenye nyumba awarudishie, na msione haya kumkumbusha.

Ndani ya chumba, kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kinakula uniti moja. Birika la wati 2,000 linafika hapo kwa nusu saa. Taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa mia moja kufika hapo. Mzazi anayemfokea mtoto kwa kuacha taa huku hita ya maji ya kuoga imetumbukizwa kwenye ndoo anafokea upande usio na pesa.

Michango ina mstari wake kwenye daftari, na sitamwambia mtu aache kuchanga. Harusi, send-off, msiba, mgonjwa: huo ndio ulinzi wa mtu asiye na bima, na atakayeukwepa ataukosa siku yake. Ninachoomba ni kiasi kipangwe kwa mwaka, mume na mke wakubaliane, na kadi ikija, ahadi itajwe siku hiyo hiyo kwa kiwango kilichopo. Ahadi kubwa iliyotajwa kwenye kikao kwa kuona aibu ndiyo inayowapeleka watu kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa.

Na kausha damu tuihesabu vizuri. Unachukua 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Watu husema ni riba ya asilimia thelathini, mzigo mkubwa lakini unabebeka. Si kweli. Kwa kuwa unaanza kurejesha kesho yake, hukukaa na 100,000 kwa siku hizo zote. Kwa wastani ulikuwa na kama nusu yake tu. Umelipa 30,000 kwa kutumia kama 50,000, na bado 5,000 hiyo inatoka kwenye siku mbaya na siku nzuri bila kujali. Kikundi kikikukopesha kwa asilimia tano au hata kumi kwa mwezi, riba hiyo inaingia sandukuni na sehemu yake inakurudia mkivunja, yaani mkigawana akiba mwisho wa mzunguko. Mtindo huu wa sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na hapa kwetu vikundi vya namna hiyo vinatambuliwa kama daraja la nne katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sajilini chenu. Sanduku lisilo na usajili likiibiwa hamna pa kuanzia.

Vikundi vingi huvunja Desemba. Pesa inatoka wakati sikukuu, safari ya nyumbani na sare za shule vyote vinaita, nayo inafaa kwa kazi hiyo. Ila chakula cha mwaka hakinunuliwi Desemba. Mahindi ya Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Iringa huvunwa kuanzia Mei, na bei huwa chini kati ya Juni na Agosti kabla ya kupanda kuelekea Januari na Februari. Kwa hiyo kama unacheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu pembeni ya kikundi, mwombe kijumbe, yaani msimamizi wake, zamu yako ya kupokea iwe Julai, ununue gunia la debe sita. Kabla ya kulipa, tia mahindi kiganja kimoja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu na yataota sumu kuvu. Yaanike tena au muachie muuzaji. Yakiwa makavu, yahifadhi kwenye mfuko wa PICS, wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Kila tabaka lifungwe peke yake na hewa itolewe, ili dumuzi afe kwa kukosa hewa bila dawa. Usifungue kila wiki. Toa debe zima kwa mara moja, funga tena, peleka mashine ukasage dona. Ukikoboa kupata sembe, pumba na kiini vinabaki mashineni, na ulishavilipia.