Aina Nne za Wachezaji wa Mtandaoni Si Kipimo cha Tabia

Wengi huamini kwamba kila mchezaji wa michezo ya mtandaoni ni wa aina moja tu kati ya nne, yaani msaka mafanikio, mvumbuzi, mpenda maingiliano au muuaji, na kwamba dodoso fupi linatosha kumtambulisha. Sivyo. Richard Bartle, ambaye pamoja na Roy Trubshaw aliunda MUD, mchezo wa kompyuta ambao ni ulimwengu wa kubuni unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kwa kuandika na kusoma, katika Chuo Kikuu cha Essex kuanzia mwaka 1978, alichapisha uainishaji huo mwaka 1996 ili kueleza wachezaji wa ulimwengu kama huo wa maandishi matupu walifurahia nini. Dodoso lilitungwa baadaye na watu wengine. Anayeeleweka vibaya zaidi ni muuaji, kwa sababu jina lake humfanya aonekane mkatili, ilhali kinachomtofautisha ni hamu ya kuwaingilia wenzake, hata, mara chache, kwa msaada wasiouomba. Bartle mwenyewe alisema kwamba wachezaji huhama kati ya aina hizo kulingana na hali zao, hivyo kumkataa mtu kikosini kwa sababu ya lebo yake ni kumwonea.