Les Misérables: bendera ile nyekundu si ya mwaka 1789

Anayeitazama Les Misérables, mchezo wa kuigiza wa nyimbo, jukwaani kwa mara ya kwanza huona bendera nyekundu, vijana wenye bunduki, meza na viti vimerundikwa kuziba mtaa wa Paris, kisha hutoka ukumbini akisema ameyaona Mapinduzi ya Ufaransa. Nimelisikia hilo hata kwa watu wanaozijua nyimbo zake zote kwa kichwa. Si kweli, na kati ya makosa yote yanayosemwa kuhusu mchezo huu, hili ndilo linaloniuma zaidi.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789. Vijana wa jukwaani wanakufa Juni 1832, miaka 43 baadaye, na Ufaransa ina mfalme tena: Louis-Philippe, aliyeingia madarakani baada ya mapinduzi mengine, ya mwaka 1830. Mwaka huo wa 1832 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 18,000 mjini Paris, na mitaa ya maskini ndiyo iliyozika wengi. Tarehe 1 Juni kikamchukua Jenerali Lamarque, ambaye wananchi walimhesabu kuwa mtetezi wao. Msafara wa maziko yake, tarehe 5, ukageuka kuwa maasi. Kufikia jioni ya tarehe 6 jeshi lilikuwa limeshayazima. Victor Hugo, mwandishi wa riwaya iliyozaa mchezo huu, mwenyewe alijikuta mtaani katikati ya risasi za maasi hayo.

Kwa hiyo hii ni hadithi ya watu walioshindwa. Wa 1789 wana sikukuu ya taifa. Wa 1832 hawakuwa na kitu, na huenda wangesahaulika kabisa kama Hugo, akiwa uhamishoni kisiwani Guernsey, asingewaandika katika riwaya aliyoitoa mwaka 1862. Ukiwaita wanamapinduzi wa 1789 unawavisha ushindi ambao hawakuuonja, na ule wimbo wa Marius, kijana aliyenusurika, akiwa peke yake mbele ya viti vitupu vya wenzake haueleweki tena.

Kosa la pili ni dogo lakini limeenea: kwamba Jean Valjean, mhusika mkuu, alifungwa miaka 19 kwa kuiba mkate. Kwa mkate, aliouiba kwa ajili ya watoto saba wa dada yake, alihukumiwa miaka 5. Mingine 14 iliongezwa kidogo kidogo kila alipojaribu kutoroka. Hata jukwaani Javert, polisi anayemwinda, anamkumbusha hivyo, ila watu hawasikii kwa sababu muziki umeshapanda. Kwangu mimi hesabu halisi inatisha kuliko ile ya kusimuliwa: njaa ilimgharimu miaka mitano, na kuutamani uhuru kukamgharimu karibu mara tatu yake.

Wengi pia hudhani mchezo ulizaliwa London, kwa Kiingereza. Ulizaliwa kwa Kifaransa. Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg waliutoa kwanza kama albamu, na mwaka 1980 ukaonyeshwa Paris katika Palais des Sports. Toleo la Kiingereza lilikuja mwaka 1985, maneno yake yakiandikwa na Herbert Kretzmer, mwandishi wa habari aliyezaliwa Afrika Kusini. Hakutafsiri tu, mengi aliyatunga upya. Ule muziki ambao leo tunaujua kama wimbo wa Éponine, msichana anayempenda Marius, akitembea peke yake usiku ulikuwa, katika toleo la Paris, wa Fantine, mama maskini wa mtoto Cosette.

Wala London haikuupokea kwa shangwe mara moja. Ulipoanza kuonyeshwa katika ukumbi wa Barbican tarehe 8 Oktoba 1985, wahakiki wengi wa magazeti waliuponda. Wanunuzi wa tiketi ndio waliouokoa. Miaka miwili baadaye, Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, ulizoa tuzo 8 za Tony, tuzo za michezo ya jukwaani za Marekani.

Kuna la Thénardier na mkewe, wale wenye nyumba ya wageni wanaotuchekesha. Watu huwachukulia kama vichekesho vya kupumzisha machozi, na jukwaani kweli wanafika mwisho wakiwa hai, wakila karamu ya harusi ya wengine. Riwayani mke anafia gerezani, na mume anavuka kwenda Marekani kufanya biashara ya watumwa. Mimi ni mtu wa pwani iliyoijua biashara hiyo. Tangu niisome sentensi ile sijaweza kumcheka tena. Gavroche, yule mtoto shujaa anayepigwa risasi kwenye kizuizi, riwayani ni mwana wao waliyemtupa. Mchezo hausemi.

Mwisho ni picha ya bango. Uso wa yule msichana mwenye nywele zinazopeperuka hudhaniwa kuwa wa mtoto wa mapinduzi, au mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya mchezo. Ni Cosette, yule binti wa Fantine aliyetumikishwa utotoni na akina Thénardier, na alichorwa na Émile Bayard katika karne ya 19 kwa ajili ya riwaya. Kwenye mchoro kamili yuko peku, anafagia nje ya nyumba ya Thénardier, na ufagio umempita urefu. Waliotengeneza bango waliuchukua uso, wakaweka bendera ya Ufaransa nyuma yake. Ufagio haumo.