Kinanda Kina Sauti Zote, Isipokuwa Hii

Jumatatu iliyopita nimepigiwa simu na dada mmoja anayeozesha mdogo wake. Adabu tele: shikamoo mzee wangu, vipi hali, nyumbani wazima, hata nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Ikaja: "Tunataka taarab asilia, mzee wangu, ile ya zamani hasa, ya kukaa vitini. Lakini mfuko wetu mdogo. Njooni wanne tu. Mmoja aje na kinanda, si kinatoa sauti zote?"

Hii ni mara ya nne tangu Mfunguo Mosi. Kuna aliyetaka watatu. Kuna aliyeuliza kama tunaweza kuja na flashi tu, mwimbaji asimame mbele aimbe juu ya muziki uliokwisha kupigwa, kwani "watu watajuaje?" Wa kwanza nilimjibu kwa upole, wa pili kwa upole, wa tatu nikamwambia nitampigia. Upole umekwisha, naandika.

Mimi ni mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Mbele yangu nina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na zote zinataka kulinganishwa, au kutyuni kama tunavyosema wenyewe, kabla mtu hajaimba hata neno. Nimo katika chama cha taarab hapa mjini Unguja tangu ndevu zangu zikiwa za kuhesabika.

Haya, tuanze na hizo "sauti zote".

Piga rasti kwenye do. Rasti ni moja ya maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Do, re, kisha mi. Mi hiyo si kitufe cheupe, wala si kile cheusi kilicho kushotoni mwake. Iko baina. Na kwenye kinanda, baina ya vitufe hivyo viwili pana ufa tu, ambamo huingia vumbi na makombo ya sambusa. Sauti yetu imo humo ufani. Tunaiita sika. Bila ya hiyo hakuna rasti, hakuna maqamu ya bayati, na maqamu ya sika yenyewe haina pa kulala maana hapo ndipo kwao. Mpigie mzee wa mtaa wa Malindi rasti kwa mi ya kinanda, hatakwambia umekosea. Atakuuliza, "Huu wimbo wa skuli?"

Najua vijana wa vinanda wameshaanza kuandika majibu. Vinanda vya siku hizi, hasa vinavyotengenezewa soko la Waarabu, vina vibonyezo vya kushusha sauti: unabonyeza, mi inashuka robo ya sauti, kazi imekwisha. Kweli. Nimeviona, nimevigusa, na kimoja kilinipendeza kuliko nilivyokiri mbele ya wenzangu. Lakini kibonyezo kinashusha kiasi kimoja, na sika haina kiasi kimoja! Sika ya rasti imeinuka kidogo. Sika ya bayati imelala. Ukipanda kuelekea fa, fa inaivuta. Ukiteremka kurudi re, inalegea. Mwimbaji akitulia juu yake mwisho wa mshororo, fidla zinamfuata pale alipo yeye. Akiwa amechoka, ni sika ya mchovu. Akiwa ametunzwa sasa hivi na noti ya pesa bado imo mkononi, nayo imepanda kidogo, nasi twapanda naye.

Tena mtia muziki anayejua kazi yake hakai katika maqamu moja. Beti la kwanza rasti, la pili ameshaingia bayati ya sol, kiitikio kinarudi nyumbani. Kwenye kanuni nina vinyanyuo vidogo vya shaba pembeni mwa nyuzi. Mkono wa kushoto unavigeuza huku wa kulia ukiendelea kupiga kwa kile kipande cha pembe kilichobanwa na pete kwenye kidole cha shahada. Nikichelewa nusu ya pigo, aibu nasikia mpaka kisogoni. Mpigaji fidla hana hata haja ya hayo. Kidole chake kinasogea kadiri ya punje ya mchele, basi.

Mwaka jana alikuja mazoezini kijana mmoja, mpigaji kinanda wa kundi la taarab ya kisasa. Msikivu, na vidole vyake vyepesi kuliko vyangu. Akakaa, akasikiliza bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, mpaka mwisho. Tulipomaliza akaniinamia sikioni kwa heshima zote: "Maalim, nyuzi zako za sauti moja zimelegea." Zipi? Akazigusa. Sika. Akatoa simu, akafungua ile programu ya kupimia sauti, nikapiga. Mshale ukasimama pasipo na kitu, ukawa mwekundu. Chumba kizima kilicheka isipokuwa mimi, maana nyuzi hizo nilikuwa nimezitafuta muda mrefu kabla ya magharibi, nazo zilikuwa zimekaa vizuri kama zilivyokuwa hazijakaa wiki nzima. Simu haikusema uongo. Imefundishwa sauti 12, ikakutana na ya 13.

Sasa inanibidi niseme yale ambayo hatuyasemi mbele ya wageni.

La kwanza: akodiani. Vyama vyetu vinapiga akodiani tangu zamani, na akodiani ina vitufe vilevile vya kinanda na ufa uleule. Mzee wetu wa akodiani amekaa ubavuni mwangu miaka na miaka, na sijapata kumwambia kwamba ala yake si ya asili. Anafanyaje? Misri kuna mafundi wanaokwangua ndimi za ndani ili zitoe robo. Yetu haijakwanguliwa. Yeye anairuka tu. Tukiingia rasti, akifika kwenye mi, vidole vinapita juu kama mtu anayeruka dimbwi na kanzu nyeupe, anatua kwenye fa. Fidla zinajaza. Ukimsikiliza bila kujua utadhani ni madoido. Basi ugomvi wangu na kinanda hauna uhusiano na umeme wala plastiki. Ukiwa na fidla sita nyuma yako unaweza kunyamaza pahala pako pa kunyamaza. Ukiwa peke yako na kinanda, nani atajaza?

La pili linauma zaidi. Nyimbo zetu nyingi hazina sika hata chembe. Maqamu ya nahawandi inapigika kwenye kinanda bila taabu. Ajamu vilevile. Hijazi nayo inapita, ingawa kuna wazee watanikatia salamu kwa kusema hivyo. Mpigaji kinanda mjanja akichagua nyimbo zake anaweza kumaliza harusi nzima asiguse ule ufa hata mara moja, na dada yule wa simu atakuwa sahihi. Nimeipiga hesabu hii usiku, kitandani, na sikuipenda.

Halafu hiyo sika yangu yenyewe. Nimeketi na mpigaji kutoka Misri, tukapiga wimbo mmoja, na sika yake na yangu hazikukutana. Yangu iko chini. Ni ladha ya Unguja iliyorithishwa mwalimu kwa mwanafunzi, au ni kosa la mwalimu wa mwalimu wangu lililopata uzee likaitwa ladha? Mwaka 1932 wataalamu walikusanyika Cairo katika kongamano zima la muziki wa Kiarabu, wakabishana juu ya vipimo vya sauti hizi na hata juu ya piano, iruhusiwe au isiruhusiwe, na hawakumaliza. Sembuse mimi na kahawa yangu.

Na huko kusema "ya zamani hasa"? Hii okestra ya safu za fidla, chelo na besi tuliiga zaidi kwenye filamu na redio za Misri, katikati ya karne iliyopita. Muziki wa filamu za Kihindi nao tumeuchota kwa ndoo, tukautilia mashairi ya Kiswahili. Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, hakwenda na okestra. Alikwenda na watribu, yaani wapigaji, wachache tu. Kwa hiyo mtu akinijibu "mbona Bi Siti aliwaweza watu kwa wachache", sina pa kujificha. Ila wachache wale walikuwa na udi na fidla, ala zisizo na ufa. Hata kwa neno kinanda lenyewe wazee wa mwambao walikuwa wakiita gambusi na kila ala ya nyuzi. Tungebaki na kinanda cha namna hiyo nisingeandika haya.

Kuhusu mipasho sitaki kuanza. Nitasema hili tu kwa wanaodhani kinanda ndicho kilicholeta matusi: vyama vya wanawake hapa Unguja, kina Nuru el-Uyun na Royal Navy, vilikuwa vikirushiana maneno kwa nyimbo kabla kinanda cha umeme hakijajulikana. Tuendelee.

Kinachonikera zaidi katika ile "njooni wanne" ni kudhani chama ni bendi, kwamba unapunguza watu kama unavyopunguza viti. Chama cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905 jina lake tu lilikuwa linasema ni ndugu. Culture Musical Club, ya mwaka 1958, ilichipuka katika jumuiya ya vijana. Watu walikutana kwanza, muziki ukawa sababu ya kutoachana. Kwetu sisi kuna seremala, kuna karani mstaafu wa bandarini, kuna mwalimu wa hesabu anayepiga chelo, kuna binti wa miaka 19 kwenye fidla ya mbele ambaye hakosei na hachelewi, yote mawili yakiwaudhi wakubwa wake. Na kuna wanachama wasiopiga chochote. Mmoja hajagusa ala tangu nimjue. Analipa ada, anakuja baada ya isha, anakaa karibu na mlango na kikombe chake cha kahawa. Wimbo mpya ukipigwa mara ya kwanza, sote tunamtazama yeye. Akiendelea kunywa, mtia muziki anarudi nyumbani kuurekebisha.

Na wimbo wenyewe unavyoingia chamani! Mtunzi analeta shairi katika daftari, mara nyingi lina kisa cha mtu ambaye hatajwi. Mtia muziki anakaa na udi, anaimba mshororo, fidla zinaurudisha. Tena. Tena. Hatuandiki noti, ingawa wale vijana waliopita chuo cha muziki pale Forodhani wanajua na wanatuchekea chinichini. Wimbo mmoja unakula wiki mbili. Kwa sababu umeingia kwa masikio, kila fidla imeushika kwa namna yake: huyu anatia mtetemo, yule anachelewa kidogo, wa tatu anatangulia. Hazilingani sawasawa, na utamu umo humo. Kinanda ukibonyeza "fidla" kinakupa fidla 20 zinazopumua pumzi moja, kama jeshi.

Kanuni, kwa taarifa ya wenye kumbi, imekaa juu ya ngozi ya samaki upande wa kulia. Ngozi inasikia hewa. Usiku wa masika inavimba, nyuzi zinabadilika. Ukumbi wenye kiyoyozi ni msiba. Tumefika ukumbi mmoja saa 2 usiku, joto, nikalinganisha nyuzi zote 78. Saa 3 wakawasha viyoyozi vyote kwa pamoja. Ngozi ikakauka, na bibi harusi anaingia, na mpambe ananikonyeza nianze, na mimi ufunguo umo mkononi. Nilianza. Ilikuwa nahawandi, alhamdulillahi. Mwimbaji hajanisamehe.

Basi yule dada nilimjibu hivi. Kama fedha ni za watu wanne au watano, mwanangu, usichukue nusu ya chama na kinanda. Chukua kidumbak, taarab ndogo ya kuchezwa. Fidla moja, sanduku, ngoma ndogo mbili za vidumbaki, cherewa za kutikisa na mkwasa, vile vijiti vya kugonga. Sanduku ni sanduku kweli, zamani la majani ya chai, limepinduliwa na kutiwa mti na uzi mmoja, na mpigaji akiupinda ule mti sika inapatikana akitaka, maana hakuna kitufe cha kumzuia. Watu watacheza mpaka watoe viatu. Nikampa namba ya simu ya jamaa wa mtaa wa Ng'ambo, nikakata nikijua nimepoteza kazi.

Jana kapiga tena. Kidumbak wameshakubaliana, usiku wa hina. Ila bibi yao mzaa mama amesikia habari ya kanuni, akauliza mbona haiji. Sasa wanataka na sisi siku ya pili yake, ya kukaa vitini, tuje 12. Nimeomba 14, na viyoyozi viwashwe mapema au visiwashwe kabisa. Wanatafakari.

Kijana wa kinanda, kama mnataka kujua, amejiunga na chama. Anakuja kila Jumatano baada ya isha. Tumempa rika, lile tari dogo, na analalamika kwamba mkono unamuuma na kitu chenyewe hakina hata kitufe kimoja.