Sukari ya kwenye mkojo ambayo sio kisukari (maswali ya kijiweni Ngamiani)

Juzi jioni kijiweni kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kahawa na kashata kama kawaida, nikaropoka kwamba kuna watu maabara wanatafuta magonjwa kwenye mkojo kwa kuangalia peptidi zenye sukari. Nilijitafutia mwenyewe, maswali hayakuisha mpaka adhana ya isha. Nimeyaweka hapa, ila mjue mimi mtu wa maabara tu, sio daktari.

Swali: We mwanangu, sukari kwenye mkojo si ndo kisukari hicho?

Hapana mzee wangu, na hapo ndo wengi wanapojikwaa. Ya kisukari ni glukosi, inaelea peke yake na stripu, kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo, inaikamata. Hii ninayosema mimi imeng'ang'ania kwenye kipande kifupi cha protini, hicho kipande ndo peptidi, na mwili wenyewe ndo umeibandika, tena inabandikwa hata kama hujagusa chai ya sukari mwezi mzima. We chukulia visheti, unga ndo protini afu shira iliyogandia juu ndo sukari, hata ukivitikisa vipi haitoki. Stripu ya glukosi haiioni hii.

Swali: Kwa hiyo hata mimi mzima ninayo?

Unayo, wote tunayo. Protini inayoongoza kwa wingi kwenye mkojo wa mtu mwenye afya inaitwa uromodulini, inatengenezwa na figo zenyewe, Tamm na Horsfall ndo walioielezea mwaka 1950, na karibu asilimia 30 ya uzito wake ni sukari.

Swali: Sasa ugonjwa unaingiaje hapo?

Seli ikiharibika na upishi wake wa shira unaharibika. Seli za kansa mara nyingi zinabandika sukari yenye matawi mengi kuliko kawaida, au asidi ya siali, nayo ni aina ya sukari, inazidi kwenye ncha za matawi hayo. Mfano ninaoupenda mimi ni ugonjwa wa figo unaoitwa IgA nefropathi, kingamwili aina ya IgA inatoka imepungukiwa galaktosi, aina moja ya sukari, basi mwili unaiona mgeni unaitengenezea kingamwili nyingine, zinashikana zinaenda kukwama kwenye vichujio vya figo na mtu anaanza kukojoa damu, yani yote hayo chanzo ni kasukari kamoja kukosekana!

Swali: Wanaonaje kitu kidogo hivyo?

Mkojo unazungushwa kwenye sentrifuji takataka zikae chini, chumvi zinatolewa, afu peptidi zenye sukari zinavuliwa, mara nyingi kwa lektini, hizo ni protini zinazopenda kushika sukari na baadhi yake zinatoka kwenye maharage (ndio, maharage). Baada ya hapo zinaingia kwenye masi spektrometa, mashine inayopima uzito wa molekuli. Inazivunja, na sukari ndo inakatika kirahisi, ikionekana alama ya 204 au 366 mtaalamu anajua hapa palikuwa na sukari, kisha anatafuta ilikuwa imebandikwa wapi. Kazi ngumu ni hapo maana sehemu ileile moja ya protini inaweza kubeba sukari za maumbo mengi, na uromodulini kwa wingi wake inazifunika zile adimu unazozitaka.

Swali: Huku kwetu kuna kipimo chochote kinachofanana?

Kichocho. Minyoo yake inatema molekuli za sukari na protini kwenye damu zinatokea kwenye mkojo, na kuna kipimo cha haraka kinachozikamata. Ila kinafanya vizuri kwa kichocho cha tumbo, wakati huku pwani tunaoumwa zaidi ni kile cha mkojo, kwa hiyo sisi bado tunachuja mkojo na kutafuta mayai kwa darubini, na mkojo mzuri ni wa saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mayai yanatoka kwa wingi muda huo.

Swali: Basi kesho niende hospitali nikapimwe hizo peptidi?

Usiende kwa ajili hiyo, bado ni mambo ya utafiti. Halafu mkojo nao una visa, ukinywa madafu mawili unakuwa mwepesi ndo maana lazima ulinganishwe na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo kila siku. Ila ukiona damu au povu lisiloisha, nenda kapime vipimo vya kawaida, usisubiri hii mashine.

Swali: Mjukuu wangu, mkojo niuweke kwenye chupa ya soda?

Hapana bibi yangu, chukua kikopo cha maabara. Mabaki ya soda yanaweza kusomeka kwenye stripu, ukaambiwa una kisukari bure.