Mbolea ya mahindi huanzia kwenye soya

Mama mmoja mkulima huku Ruvuma aliniita shambani kwake mahindi yakiwa kimo cha goti. "Bwana shamba, mlituambia tubadilishe mazao, tupande soya mwaka mmoja, mahindi mwaka unaofuata. Nimefanya. Mbona mahindi ni yaleyale?"

Niliinama nikaangalia majani ya chini. Kingo zake zilikuwa zambarau. Baridi nayo huleta rangi hiyo, ila jua likirudi huondoka. Hii ilikuwa imekaa wiki kadhaa. Nikamuuliza soya ya mwaka jana aliipurea wapi. Nyumbani, akasema. Waliing'oa pamoja na mizizi, wakaipura uwanjani, makapi wakayachoma.

Tuanze na rangi. Zambarau ile ni njaa ya fosforasi. Soya hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, lakini fosforasi huichota humohumo ardhini kama mahindi, na punje zikiuzwa inaondoka nazo. Bila fosforasi ya kutosha hata vinundu havijai, kwa hiyo naitrojeni nayo inakuwa haba. Wakulima wengi huipa soya ardhi tupu na kuweka mbolea yote kwenye mahindi. Mimi nashauri kinyume: mfuko mmoja wa TSP (mbolea ya fosforasi) kwa ekari, kilo 50, uende kwenye soya. Udongo wetu mwekundu wenye chuma na aluminiamu hushika sehemu kubwa ya fosforasi hiyo, lakini huiachia kidogokidogo, na mahindi ya mwaka unaofuata huikuta.

Soya ikianza kutoa maua, chimba mche kwa jembe, usiung'oe kwa mkono maana vinundu vitabaki ardhini. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu-waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu.

Sasa makapi. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya soya huishia kwenye punje, nazo zinaenda sokoni. Inayobaki kwa ajili ya mahindi imo kwenye majani yaliyopukutika, mizizi, mabua na maganda. Ukiyachoma, naitrojeni yake inapotea na moshi. Nilipomweleza, mama alinyamaza akitazama upande wa nyumbani, kule kulikokuwa na lile doa jeusi la majivu. Kata soya kwa mundu, mizizi ibaki ardhini, na ukipurea nyumbani rudisha makapi shambani. Ni kazi nzito, najua, lakini hapo ndipo faida ya mzunguko inapookolewa.

Hata hivyo usiache mbolea ya kukuzia. Tani moja ya punje za mahindi hubeba naitrojeni kilo 15 hivi. Ukitaka magunia 20 ya kilo 100 kwa ekari, ni kilo 30 kwenye punje pekee, bado mabua. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, na kwa kawaida mmea hauipati hata nusu yake, hasa ikirushwa juu ya udongo mkavu. Ifukie. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60 unapata mashimo kama 9,000 kwa ekari. Kizibo kimoja cha soda, gramu 5 hivi za urea kila shimo, na mfuko mmoja unaenea ekari nzima.

Ipo faida nyingine ambayo mbolea hainunui. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, shamba la majaribio la Broadbalk limelimwa ngano tangu 1843, na mwaka 1968 sehemu yake ikaanza kupokezanya ngano na mazao mengine. Ngano inayofuata zao jingine huzaa kuliko ile inayorudiwa, hata zikipewa naitrojeni sawa, kwa sababu ugonjwa wa mizizi unaoishi kwenye ngano hukatiwa njia. Lakini mbolea bado inahitajika: huko ngano inayorudiwa bila mbolea yoyote huzaa kama tani moja tu kwa hekta.

Mama amekubali tugawe ekari yake ya soya ya msimu huu mara mbili: nusu ina TSP na makapi yatarudi, nusu atafanya kama alivyozoea. Tumepiga vigingi mpakani, na maua yakitoka nitarudi na jembe.