Nani mgeni Nakuru?

Kampeni zikikaribia, Nakuru husikika kauli moja. Jukwaani husemwa kwa mafumbo, vibandani husemwa waziwazi: wenyeji wana chao, na wageni wajue wako ugenini. Mwaka 1992, kisha 2007, mambo hayakuishia kwenye maneno. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Hoja zinazobeba kauli hiyo zinajulikana na kila mtu, lakini ni wachache wanaozikagua.

"Kila kabila lilikuwa na eneo lake tangu enzi za mababu"

Anayesema hivi huwa na ramani kichwani, na ramani hiyo ilichorwa na Mwingereza. Hadi mapema mwaka 1902, Nakuru na Kisumu zilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo zikahamishiwa upande huu kwa uamuzi wa London, miezi michache tu baada ya reli kufika Kisumu. Hakuna mzee wa Nyando wala wa Njoro aliyeulizwa. Mipaka ya "rizavu" 24, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, ilitangazwa rasmi mwaka 1926, na mingi ikaja kugeuka mipaka ya wilaya.

Hata majina tunayogombania si ya kale kiasi hicho. Wabukusu, Wamaragoli na Wawanga wapo tangu zamani, ila kujiita wote Waluhya kulishika katika miaka ya 1930 na 1940. Wanandi, Wakipsigis na wenzao walianza kujiita Wakalenjin miaka ya 1940. Sisemi majina hayo ni ya uongo. Watu wana haki ya kuungana wanavyotaka. Ila jina lililozaliwa wakati babu yako ni kijana haliwezi kuwa shahidi wa yaliyotokea miaka mia tano iliyopita.

"Bonde la Ufa lilikuwa tupu, walowezi wakalikuta halina mwenyewe"

Lilionekana tupu kwa sababu sotoka iliyomaliza ng'ombe, ndui na njaa vilikuwa vimewapiga Wamaasai miaka ya 1890. Mwingereza mwenyewe alijua lina watu, vinginevyo asingeandikiana nao mkataba. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, na ukaahidi kwamba hawatasumbuliwa tena maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, na kuwasukuma kusini na mifugo yao.

Kilichofuata ningetamani kifundishwe kila shule. Mwaka 1913 Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, hawakushika mikuki. Walitafuta mawakili wakaenda kortini. Kesi ikatupwa bila kusikilizwa kwa undani. Mahakama ilisema Wamaasai si raia wa Mfalme, ni kama taifa la nje lililofunga mkataba na Uingereza, na mkataba wa mataifa hauamuliwi na mahakama za koloni. Yaani mtu aliambiwa ahame kwake kwa amri ya serikali, na alipokwenda kuishtaki serikali hiyo akaambiwa yeye ni mgeni kwake. Uamuzi huo wa korti kuhusu nani mgeni katika bonde hili ulimhusu aliyekuwa akichunga hapo kabla ya wote waliokuwa mle kortini.

"Wageni waliletwa na serikali ya Kenyatta"

Wapo waliofika baada ya 1963, tena wengi. Lakini familia kubwa kubwa za Nakuru ziliingia mapema zaidi, kupitia mlango wa nyuma wa shamba la mzungu. Mlowezi alikuwa na ekari nyingi bila mikono ya kuzilima, kwa hiyo aliita watu wa Kiambu na Murang'a, na pia watu wa Nyanza na Magharibi, waje na familia na mbuzi wao. Hao ndio maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi kwa mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa. Sheria ya 1937 ilizipa halmashauri za walowezi nguvu ya kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo yake. Mtoto alizaliwa Njoro au Subukia, akakua hapo, akazaa hapo, na karatasi bado ikasema yeye ni kibarua mpitaji tu.

Olenguruone, iliyo Kuresoi Kusini ya leo, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kuanzia 1941 serikali ilipeleka huko Wakikuyu iliowafukuza Umaasaini. Wao walielewa kwamba hiyo ni fidia ya ardhi waliyonyang'anywa, hivyo ni yao. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, ikawapangia walime nini na wachimbe mitaro wapi. Waligoma. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto, kiapo ambacho wanahistoria wengi wanakitaja miongoni mwa mizizi ya viapo vya Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, nyumba zimechomwa, wengine wakamwagwa Yatta kwenye ukame. Anayedhani Mau Mau ni habari ya Mlima Kenya peke yake, aanzie hapa. Ukishuka sokoni Olenguruone leo utasikia Kikipsigis zaidi, na wanaokisema nao wana historia yao ya kufukuzwa kwenye mashamba ambayo sasa ni chai ya Kericho.

"Uhuru ulipokuja, watu waligawiwa mashamba bure"

Hapana. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza 1962, uliwalipa walowezi kwa pesa zilizokopwa, nyingi zikitoka Uingereza, na Mwafrika aliyepewa kipande alianza maisha na deni. Wengine walichangishana katika kampuni za kununua ardhi. Hapa lakini wanaolalamika wana hoja nzito: aliyekuwa karibu na wakubwa alipata kwanza na alipata kubwa, na aliyefukuzwa mwaka 1904 hakuwa kwenye foleni kabisa. Kosa ni kumtoza mwenye ekari mbili za mkopo dhambi ya mwenye ekari elfu mbili.

"Ugatuzi umetupa kaunti yetu"

Ugatuzi uligawa kazi na bajeti, haukugawa watu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Kifungu cha 40 kinamruhusu kumiliki mali popote. Hakuna hati miliki yenye sehemu ya kujaza kabila.

Kisumu nako kuna yake. Wahindi walianza kulima Kibos mwanzoni mwa karne iliyopita, na Wanubi, wenye asili ya Sudan, walikaa huko baada ya kulitumikia jeshi la Mwingereza. Bado mjukuu wa mjukuu wao huulizwa kwao ni wapi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilisema wazi kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika.

"Basi ardhi iwe ya aliyetangulia"

Tuseme sawa. Msitu wa Mau, hasa upande wa Nessuit na Mariashoni, una Waogiek, ambao wengi wanakubali walikuwepo kabla ya mfugaji na mkulima. Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza msituni. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na wapewe hati ya ardhi yao kwa pamoja. Novemba 2023, serikali ilibomoa tena nyumba za Waogiek huko Sasimwani, Narok. Wale wanaosema "mwenyeji kwanza" jukwaani Nakuru sikuwasikia wakilitaja hilo.