Ukienda Italia, anza na lipu

Kazi yangu ni chokaa. Kuta za nyumba kongwe za Unguja, zile za mawe ya matumbawe, ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nikiandika kuhusu makumbusho ya Italia msitegemee nianze na fremu za dhahabu au na Mona Lisa, ambayo kwa faida ya wanaoniuliza kila mara iko Paris. Naanza na lipu.

Picha nyingi zinazowatoa watu makwao kwenda Italia hazikuchorwa kwenye kitambaa zikatundikwa. Ni ukuta wenyewe. Ukitaka kuzihamisha utaziumiza, na bughudha yote wanayoilalamikia wageni, kukata tiketi miezi kabla, kusubirishwa kwenye chumba cha vioo, kutolewa nje baada ya robo saa, inatokana na hilo. Ukiijua lipu utaona mengi zaidi, na hutakuwa na sababu ya kugombana na mlinzi.

Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri hadi nyuzi 900 hivi, hewa ukaa iliyomo hutoka na kubaki donge jeupe jepesi. Limwagie maji, litachemka lenyewe bila moto, lipasuke, liwe uji mzito. Sisi pwani tunachoma matumbawe, wao wanachoma mawe ya milimani, lakini kinachotoka ni kilekile. Uji huo ukilala shimoni kwa muda mrefu unazidi kulainika. Uchanganye na mchanga, upake ukutani, nao utaanza kuvuta tena hewa ukaa kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe.

Mchoraji wa fresko, yaani picha inayochorwa kwenye lipu mbichi, anaiwahi chokaa kabla haijarudi kuwa jiwe. Anapakiwa tabaka jembamba la mwisho, na lipu ikiwa bado mbichi anapiga rangi iliyosagwa na kukorogwa kwa maji matupu, bila gundi yoyote. Lipu inapokauka, chokaa inajenga utando mwembamba wa jiwe unaozishika chembe za rangi. Ndiyo maana kuta zilizochorwa miaka 700 iliyopita bado zina rangi za kukushtua.

Gharama yake ni muda. Lipu mbichi inampa saa chache tu, kwa hiyo hupakwa eneo la kazi ya siku moja, kipande ambacho Waitaliano wanakiita giornata. Jioni kinachobaki hukatwa kwa mwiko, kesho yake kipande kipya kinaungwa pembeni. Maungio hayo yapo mpaka leo na yanaonekana kwa macho. Usisimame katikati kama wenzako. Sogea ubavuni mwa ukuta, mahali ambapo mwanga unaupiga kwa upande, na utaona mstari mwembamba ukizunguka kichwa au ukifuata bega la mtu. Lipu ya leo hupanda kidogo juu ya ukingo wa lipu ya jana, kwa hiyo fundi mwenye jicho anaweza kukuambia kipi kilitangulia. Eneo kubwa la anga huenda ni siku moja; uso mmoja tu nao huenda ni siku moja.

Mahali pa kujifunza haya ni Padova, kwenye kikanisa cha Scrovegni kilichochorwa na Giotto na kuwekwa wakfu mwaka 1305. Watalii wengi hupita mji huo wakiwa ndani ya treni ya Venezia. Wasishangae wakisimuliwa. Angalia picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu: juu ya paa kuna nyota yenye mkia wa moto, ambayo wengi wanaihusisha na nyota ya Halley iliyoonekana mwaka 1301, na pembeni kuna ngamia wenye macho ya buluu, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Mandera angelicheka. Halafu tazama joho la Bikira Maria. Buluu yake imekwenda karibu yote. Rangi hiyo ya madini ya azuriti haielewani na chokaa mbichi, ikabidi ipakwe kwa gundi lipu ikishakauka. Zilizonywewa na lipu zimebaki. Iliyobandikwa juu imepukutika.

Kabla ya kuingia humo unakaa kama robo saa kwenye chumba cha vioo. Watu hudhani ni foleni tu. Kumbe hewa mnayoingia nayo, ya unyevu, jasho na vumbi, inatulizwa kwanza. Maji tunayoyatoa kwa pumzi yanatua kwenye ukuta baridi. Yakikutana na moshi wa magari na viwanda wenye salfa, chokaa inageuka jasi, inavimba, inakuwa unga, na rangi inaondoka na unga huo. Anayeishi Mji Mkongwe kwenye nyumba iliyopigwa lipu ya saruji juu ya mawe ya chumvi anaujua unga huo vizuri sana; anaufagia kila asubuhi.

Sasa twende Milano, kwenye chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie. Humo ndimo ilimo Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa kati ya 1495 na 1498 hivi. Leonardo hakuipenda fresko. Alikuwa mtu wa kupiga brashi moja, kuondoka, kurudi kesho na kubadilisha; chokaa mbichi haikubali tabia hiyo. Akachora juu ya ukuta mkavu, rangi zikiwa na vifungo vya yai na mafuta, kama mtu anayechora kwenye ubao. Picha ilianza kubanduka yeye mwenyewe angali hai. Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango katikati na kuikata miguu ya Yesu. Mwezi Agosti 1943 bomu likabomoa sehemu kubwa ya chumba. Ukuta wa picha ulisalia kwa sababu ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga. Ukarabati wa mwisho, ulioongozwa na Pinin Brambilla Barcilon, ulianza 1978 ukaisha 1999. Unachokiona leo ni mabaki yaliyounganishwa kwa subira, na kwa maoni yangu bado kinatosha kukunyamazisha.

Lakini ninawaomba mfanye jambo moja ndani ya zile dakika 15: geukeni nyuma. Ukuta wa pili una Kusulubiwa kwa Yesu, fresko ya Donato Montorfano ya mwaka 1495. Si mchoraji mkubwa, na picha yake imejaa watu kama stendi ya Kariakoo. Ila rangi zipo. Chumba kilekile, unyevu uleule, bomu lilelile. Kisha shuka na macho mpaka pembe za chini, kulia na kushoto, utaona vivuli vya watu waliopiga magoti. Ni mtawala Ludovico Sforza na familia yake, walioongezwa na Leonardo juu ya kazi ya Montorfano kwa mtindo wake wa ukuta mkavu. Wamefifia karibu kabisa, huku wale wa fresko waliowazunguka wakiwa wazima. Mimi nimefundisha vijana habari za chokaa kwa muda mrefu na sijapata mfano bora kuliko ukuta huo ambao karibu kila mgeni anaupa mgongo.

Kuhusu Kikanisa cha Sistina cha Vatikani sina mengi, mmeshasoma mengi. Jueni tu kwamba Michelangelo alipoanza dari hilo mwaka 1508 ukungu ulimwotea kwenye lipu, akataka kuacha kazi, mpaka msanifu majengo Giuliano da Sangallo alipomwelekeza namna ya kuuondoa. Chokaa ya Roma haikuwa ile aliyoizoea Firenze. Mwaka 2014 walifunga mfumo mpya wa hewa kwa sababu ya umati, na umati bado ni umati.

Pisa je? Baada ya kupiga picha mkishikilia mnara, ingieni makumbusho ya sinopia yaliyopo uwanja huohuo. Julai 1944 makaburi ya Camposanto yaliwaka moto, madini ya risasi yaliyoezekea paa yakayeyuka na kumiminika kwenye kuta. Fresko zilipobanduliwa ili ziokolewe, chini ya lipu zikaonekana sinopia, michoro ya awali ya udongo mwekundu ambayo haikukusudiwa kuonwa na mtu. Mistari mikubwa, ya haraka, mingine imesahihishwa. Ukumbi mara nyingi una watu wachache.

Tiketi ya Karamu ya Mwisho na ya Scrovegni kateni mtandaoni mapema, kwenye tovuti rasmi, maana madalali wanazidisha bei. Makanisani funikeni mabega na magoti, na bebeni sarafu: kwenye makanisa mengi picha ziko gizani mpaka mtu atumbukize pesa kwenye kisanduku cha taa. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure. Karamu ya Mwisho na makumbusho ya Uffizi ya Firenze hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni inazunguka ukuta wa mji; mimi hiyo nisingeipanga hata kwa kulipwa.